Gari la umeme nalo litalikwepa shimo lilelile

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapokea nyingi na nyingi ni malalamiko, hii nayo ina malalamiko yake ila nitajitahidi isiwe kelele tupu. Mimi nimeendesha lori la taka la manispaa miaka 11 mpaka magoti yakachoka na klachi, nikastaafu, kwa hiyo barabara za mji wetu nazijua kwa makalio kuliko kwa macho, yaani ukinifunga kitambaa usoni ukanipandisha garini naweza kukwambia tuko mtaa gani kwa jinsi kiti kinavyonirusha.

Sasa baraza la madiwani limekaa na kwa kikao kimoja limepitisha mambo matatu. Usalama barabarani, maana yake vivuko vitachorwa upya na vibao vya spidi vitaongezwa. Matengenezo ya mitaa. Alafu lile lililopigiwa makofi, magari ya umeme, kwanza mabasi baadaye malori. Picha iliyosambaa ni ya basi. Mtaro haukupata picha, na kusema kweli nani apige picha mtaro.

Mi sina ugomvi na umeme, na nitaeleza chini kwa nini nauhitaji kuliko hao waliopiga makofi. Ugomvi wangu ni kwamba haya mambo matatu yamewekwa kwenye mafaili matatu, kila moja na kamati yake na injinia wake na tenda yake, wakati huku barabarani ni kitu kimoja. Njooni niwaonyeshe.

Kuna kivuko mbele ya shule ya msingi, sitaitaja shule maana walimu hawana kosa. Zebra yenyewe imebaki mistari miwili, mingine imeliwa na matairi. Hatua tatu kabla ya kivuko kuna shimo, limekaa palepale tairi la kushoto linapopita. Jua likiwaka kila dereva analiona, na kila dereva anafanya kitu kilekile, anavuta usukani kuelekea katikati ya barabara kisha anarudi. Na katikati ya barabara ndo anakosimama mtoto aliyevuka nusu akawa anasubiri upande wa pili upungue. Nimekaa pale asubuhi moja kuanzia saa 12 na nusu, nilitaka kuhesabu wanaokwepa nikachoka, nikageuza nikahesabu wanaopita moja kwa moja bila kukwepa, vidole vya mkono mmoja vilitosha. Mvua ikinyesha ndo balaa zaidi kwa sababu shimo linajaa maji halionekani, mgeni anaingia na mwenyeji anakwepa, na huyo mwenyeji anakwepa kwa kujiamini kabisa bila kupunguza mwendo maana amezoea.

Niambieni basi, ajali ikitokea pale iandikwe kwenye faili gani? Usalama? Matengenezo? Polisi wataandika mwendokasi au uzembe wa mtembea kwa miguu na habari itaishia hapo. Na basi la umeme likipita njia ile, nalo litalikwepa shimo lilelile na kumkuta mtoto yuleyule, tofauti ni kwamba litakuja kimyakimya.

Tuanze na shimo lenyewe maana watu wengi wanadhani shimo linachimbwa na magari. Gari linamalizia tu. Kinachoanza ni maji. Lami ikipata ufa mdogo maji yanaingia yanakwenda kukaa chini kwenye kifusi na kokoto zinazobeba barabara, zile zikilowa zinalegea, gari zito likikanyaga juu linabonyea kama unavyokanyaga godoro, ufa unapanuka, maji mengi zaidi yanaingia, tope linapanda juu linatoka, siku moja unakuta kipande kimezama. Kwa hiyo shimo lisilofukiwa vizuri ni ugonjwa, ila mtaro ulioziba ndo mbu. Ukijaza shimo ukaacha maji yamesimama pembeni umefanya kazi ya kuchosha watu tu.

Na wanavyojaza ndo kichekesho. Linakuja gari limebeba kokoto na lami kidogo, kijana anashuka na koleo, anamwaga humohumo kwenye maji, anapigapiga kwa mgongo wa koleo, dereva anapita juu mara mbili kushindilia, wanaondoka. Wiki haiishi kokoto zimetapakaa barabara nzima na pikipiki zinateleza. Kiraka cha kweli nimekiona kikifanywa mara chache na hakina uchawi, unakata kingo ziwe mraba mpaka ufike kwenye lami nzima, unatoa tope lote chini mpaka pakavu, unajaza kokoto unashindilia kwa mashine, unapaka lami nyepesi kuta na chini ishike kama gundi, ndo unaweka lami ya moto unashindilia tena hadi ilingane na barabara. Inachukua muda. Lakini hautarudi mwezi ujao. Tatizo ni kwamba mikataba inahesabu mashimo yaliyojazwa, haihesabu ambayo kiraka chake bado kipo baada ya mvua. Mkandarasi akilipwa kwa idadi ya kumwaga, atamwaga.

Hapa naomba nijishtaki mwenyewe. Lori langu lilikuwa mkosaji mkubwa. Marekani kati ya 1958 na 1960 walifanya jaribio kubwa huko Ottawa, jimbo la Illinois, wakazungusha malori ya uzito tofauti kwenye vipande vya barabara mzunguko baada ya mzunguko hadi lami zikavunjika, na kilichotoka pale mainjinia wanakitumia mpaka leo: uharibifu hauongezeki sawa na uzito, unapanda kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli, yaani ule mhimili unaobeba matairi ya kushoto na kulia. Kwa lugha ya gereji, ekseli ikibeba mara mbili, barabara inaumia karibu mara 16. Ukizidisha asilimia 10 tu, uharibifu unazidi kwa karibu asilimia 46. Mimi na utingo wangu tulikuwa tunajaza mpaka mlango wa nyuma haufungi, ili tusirudi safari ya pili dampo, na hakuna aliyewahi kutupima. Tulidhani tunaokoa dizeli ya manispaa. Tulikuwa tunakula lami yake.

Kwa nini nalileta hili? Kwa sababu magari ya umeme ni mazito. Betri ya basi peke yake inaweza kufika tani mbili na zaidi, na ukiweka abiria juu yake ekseli ya nyuma inabeba mzigo si mchezo. Sisemi tusinunue. Nasema anayenunua akae meza moja na anayeweka lami, waulizane hii njia itabeba nini na vile vipande vya kusimama na kuondokea vitabadilishwa lini, maana pale basi linapofunga breki kila siku ndo lami inapojikunja kama zulia. Nilimuuliza diwani mmoja hili swali akanijibu kwamba hilo ni la kamati nyingine.

Sasa umeme. Ningekuwa mimi ningeanza na lori la taka kabla ya basi, na sisemi hivo kwa sababu ya ushabiki wa kazi yangu ya zamani. Fikirieni lori la taka linavyofanya kazi. Linakwenda hatua ishirini linasimama. Linakwenda tena linasimama. Siku nzima mguu uko kwenye breki, pedi za breki nilikuwa nabadilisha mpaka fundi akaniuliza kama nazila. Gari la dizeli ule mwendo wote unaoupata unauchoma kwenye breki unageuka moto na vumbi, ila la umeme ukiachia pedali, mota inageuka kuwa jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Yaani kazi inayomuua dizeli ndo inayomfaa umeme. Alafu njia yake inajulikana, jioni linarudi yadi ileile linalala palepale, unalichaji usiku. Hauhitaji kutapakaza chaja mji mzima.

Na kuna utingo. Watu wanamwona amening'inia nyuma anapiga miluzi, hawajui pale nyuma pakoje. Ile mashine ya kukandamiza taka inaendeshwa na injini, kwa hiyo gari likiwa limesimama unakanyaga mafuta ili iwe na nguvu, moshi unamiminika na yeye amesimama palepale anapakia. Utingo wangu alikuwa akikohoa asubuhi anatema vitu vyeusi tunacheka, tunasema ni vumbi. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Hatukucheka tena, ila gari lilikuwa lilelile. Kwa hiyo mtu akiniambia magari ya umeme ni mambo ya kupendeza wageni, namwambia akasimame nyuma ya lori saa moja tu.

Wanaosema mabasi ya umeme hayawezekani nao wakae chini. Shenzhen kule China ilibadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yakawa ya umeme kufikia mwisho wa 2017. Ila msinielewe vibaya, hawakununua mabasi tu, walijenga na sehemu za kuchaji, na hicho ndo kisichoonekana kwenye picha. Ukinunua mabasi kabla ya kuvuta laini ya umeme ya kutosha mpaka yadi na kufunga transfoma na kumfundisha fundi asiyeogopa nyaya za volti mia kadhaa, utakuwa umenunua mabasi ya kuoshea.

Kitu kingine kidogo ila mimi kinanigusa. Kuna mzee mmoja asiyeona kwenye njia yangu ya zamani, alikuwa analijua lori langu kwa sauti, nikishuka gia kwenye ile kona ananyanyua fimbo kunisalimia kabla sijafika. Gari la umeme likienda taratibu halisikiki, linasikika likishika kasi tu kwa mlio wa matairi. Ulaya wameshaliona hilo, kuanzia Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa lazima litoe sauti ya tahadhari likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Je, manispaa yetu imeweka hicho kipengele kwenye tenda? Kama hakimo, kiongezwe sasa kabla magari hayajaagizwa, maana kuongeza baadaye kila mtu atamsukumia mwenzake.

Nimefika kwenye spidi, na hapa najua nitatukanwa na madereva wenzangu. Basi nitukaneni baada ya hesabu. Gari likienda 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, hajanywa, hashiki simu, anahitaji kama sekunde moja kati ya kuona mtoto na mguu kugusa breki. Kwa hiyo mita 14 zimeshapita na gari bado lina 50 ileile. Huyu mwingine wa 30, kwenye lami kavu na breki nzuri, kwa mita hizohizo 14 ameshaona, amefunga breki na amesimama kabisa. Rudieni kusoma hiyo. Mahali mmoja amesimama, mwenzake ndo kwanza anaanza kukanyaga. Sijasema habari ya lami yenye mchanga na tairi zilizoisha, maana huko tunajijua.

Na tunachopoteza ni nini? Kilomita moja kwa 50 ni sekunde 72, kwa 30 ni dakika 2, tofauti sekunde 48, na hizo sekunde unazipata ukiwa barabara tupu, ila mjini ukikimbia unakwenda kusubiri kwenye taa nyekundu pamoja na yule uliyempita. Nimesubiri taa miaka 11, najua.

Tatizo la baraza letu ni kuamini vibao. Ukiweka kibao cha 30 kwenye barabara pana iliyonyooka kama uwanja wa ndege, umeweka pambo. Dereva anaendesha kwa kusikiliza barabara, sio kwa kusoma. Barabara ikibanwa kidogo, kona zikiwa kali, kivuko kikiinuliwa juu kwa upana wa kutosha ili gari lipande kama jukwaa, mguu unaachia wenyewe bila kuhubiriwa. Helsinki kule Finland, mji wenye watu zaidi ya laki sita umemaliza mwaka mzima, kutoka Julai 2024 hadi Julai 2025, bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani, na zaidi ya nusu ya mitaa yake ni 30, ila hawakuishia kwenye vibao, wamebana barabara, wamepanda miti, wameweka kamera. Haikuwa siku moja pia, wamekuja nayo miongo. Hoboken kule New Jersey, Marekani, mji mdogo, wao moja ya vitu walivyofanya ni kuzuia magari kupaki karibu na vivuko ili dereva na mtembea kwa miguu waonane, kwa nguzo na rangi tu, na toka Januari 2017 ikapita zaidi ya miaka saba hakuna aliyekufa barabarani kwenye mitaa yao. Nguzo na rangi! Hivi kweli hilo nalo linasubiri mfadhili?

Kwetu kwenye kivuko kile cha shule magari yanapaki mpaka juu ya zebra, mtoto anachungulia katikati ya gari mbili kama panya. Na matuta tuliyonayo ndo yale yaliyojengwa usiku na mtu aliyekasirika, hayana rangi wala kibao, gari la wagonjwa linaruka na mgonjwa ndani. Tuta la hivo nalo ni shimo lililopinduliwa.

Sitaki kumaliza ukurasa wa watu, ila naomba baraza lifanye jambo moja kabla basi la kwanza la umeme halijapangiwa njia. Watembee ile njia kwa miguu. Sio kwa gari lenye viyoyozi, kwa miguu, injinia wa barabara na yule wa mitaro na yule wa magari na diwani wa kata wote pamoja, asubuhi watoto wanapokwenda shule, na kama mvua inanyesha ndo vizuri zaidi. Kila kivuko, kila chemba, kila shimo waandike kwenye karatasi moja, na hiyo karatasi iwe sehemu ya mradi wa basi, fungu moja la bajeti, mtu mmoja wa kuulizwa. Na kwenye mkataba wa viraka waandike kwamba kikitoka kabla ya misimu miwili ya mvua kupita, mkandarasi anarudi kwa gharama zake. Alafu wabandike ubaoni pale ofisini mashimo mangapi yamezibwa na mangapi bado yamezibika. Hilo la pili ndo la muhimu.

Nisije nikaonekana napiga mdomo tu. Jumamosi iliyopita nilikwenda pale kwenye kivuko cha shule na yule utingo wangu wa zamani, tukabeba koleo na ndoo mbili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, shimo limejaa, maji yamesimama mpaka ukingoni. Chemba ya mtaro iko hatua tisa kutoka pale, nimezipima. Tukainua mfuniko, utingo akaingiza mkono mpaka begani kama zamani, akaanza kutoa. Chupa za plastiki, kandambili moja ya mtoto, mchanga. Alafu kokoto. Kokoto nyingi, safi, saizi moja, nyingine bado zina lami imeshika pembeni, ndo zilezile walizomwaga kwenye shimo mwezi uliopita, zimesombwa na maji zikaenda kuziba chemba, chemba ikazuia maji, maji yakarudi kulichimba shimo. Dakika kumi baada ya kuzitoa barabara ilianza kukauka na magari yakaanza kupunguza mwendo maana sasa shimo linaonekana lilivyo.

Tumezijaza kwenye ndoo, zimefika mbili kamili, tumeziacha pale pembeni ya kivuko mkandarasi akija na kiraka kingine azikute.

Dereva mstaafu wa lori la taka, msomaji wenu wa siku nyingi